Rangi Alizoacha Serzhan

Jumamosi ile Soko la Kijani lilikuwa limejaa kiasi kwamba ukitaka kugeuka unaliomba ruhusa bega la mwenzio. Wauza nyama ya farasi walikuwa wakinoa visu, akina mama wa kachumbari ya Kikorea wakimvuta kila apitaye aonje karoti. Raushan alikuwa amesimama mbele ya meza ya muuza kurut, yale madonge makavu ya maziwa yenye chumvi ambayo mama mkwe wake hakosi kuyatafuna na chai. Alivaa koti la buluu iliyokoza lililoshuka hadi chini ya magoti, na kitambaa cha kijivu kichwani. Umri wake miaka thelathini na minne, mavazi yake ya mtu wa hamsini.

Muuzaji akazoa kurut, akazifunga kwenye karatasi iliyochapwa, akampa. Raushan alipoitazama ile karatasi akaisogeza karibu na macho.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa bwana huyu hapa. Kaniletea fungu zima, bure."

Bwana mwenyewe alikuwa pembeni yake, mrefu, pua imebabuliwa na jua la mlimani, jaketi limepauka mpaka huwezi kusema lilianza na rangi gani. Alikuwa akishindilia kurut kwenye begi la mgongoni kama mtu anayekwenda vitani.

"Samahani, kaka," Raushan alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Hii ni ramani ya kitaalamu. Vipi unaitoa ifungiwe vyakula?"

Yule mtu akamtazama, akatabasamu. "Dada yangu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana ramani hiyo imewahi kufanya."

"Watu wamekesha kuitengeneza!"

"Basi wangelala. Hebu tazama." Aliikunjua kona ya karatasi bila hata kuomba, kurut mbili zikadondoka. "Hili ni ziwa letu kule juu. Hapa ukingoni ni giza, sawa? Na hapa katikati ni giza lilelile. Sehemu moja ni barafu nene, unapitisha hata gari. Nyingine ni barafu ya kuvunjika ukiikoholea. Haya, niambie nipite wapi."

"Kwenye kompyuta ina rangi. Nyekundu ni nene, buluu ni nyembamba."

"Kwenye kompyuta! Sisi tuna printa moja, wino mweusi, na huo wino nao tunauomba kama sadaka. Ukichapa, nyekundu nzito na buluu nzito zinatoka kijivu kimoja, mapacha." Akamkazia macho. "Lakini wewe umejuaje rangi zake?"

"Nimekisia tu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Raushan alizijua rangi zile kama anavyoijua sura yake kwenye kioo. Ramani ilichorwa na Sizba, programu ambayo ukiimwagia namba zako inakutolea mchoro, na Sizba ilitengenezwa na mume wake. Serzhan alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, moyo ukasimama tu akiwa darasani. Tangu hapo Raushan ndiye aliyeitunza. Mtu akiandika kulalamika, anajibu yeye. Kitu kikivunjika, anatengeneza yeye. Na mtu asipochagua rangi yoyote, Sizba humpa zile za mwanzo alizoweka Serzhan: upinde wa mvua mzima, kuanzia buluu ya giza mpaka nyekundu ya damu ya mzee.

"Mimi naitwa Tolegen," yule mtu alisema. "Nakaa kituo cha juu, tunalinda ziwa lisije likawashukia nyinyi mjini. Na wewe, mtetezi wa karatasi?"

"Nina haraka," alisema Raushan, akaondoka.

Nyumbani alipofungua kurut, aliona pembeni mwa ramani namba ya simu ya kituo imeandikwa kwa kalamu. Aliitazama siku mbili nzima. Jumatatu mchana akapiga.

"Nataka kuuliza kuhusu hiyo printa yenu," alisema.

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Mtetezi wa karatasi! Kurut zilikuwa tamu?"

"Zilinuka wino."

"Basi zimekuingizia elimu. Uliza, niko hapa, siendi popote. Hapa juu hakuna pa kwenda."

Ndivyo yalivyoanza. Kwanza ilikuwa printa, kisha theluji, kisha mbweha aliyezoea kuiba soseji za Tolegen, kisha mambo yasiyo na jina ambayo watu wawili huongea ili simu isikatwe. Raushan alikuwa akipiga kutoka kwenye ngazi za ofisi, kwa sababu nyumbani hakuweza.

Si kwamba kuna mtu aliyemkataza. Hilo ndilo lililomkaba. Kama Mama Kulyash, mama mkwe wake, angekuwa mkali, mwenye masimango, Raushan angejua pa kusukuma. Lakini yule bibi alikuwa mpole kama pamba. Alimwamsha kwa chai ya maziwa, alimpashia maji ya kuoga, aliwaambia majirani, "Huyu si mke wa mwanangu, huyu ni mwanangu." Viatu vya Serzhan vilikuwa mlangoni bado, vimepigwa rangi. Na sebuleni, juu ya kochi, ndani ya fremu ya dhahabu, ulitundikwa mchoro wa kwanza kabisa uliotolewa na Sizba, upinde wa mvua unaometa. Kila mgeni alipelekwa pale kwanza. "Rangi za mwanangu," Mama Kulyash alisema, na Raushan, akiwa ameshika sinia la chai, alitikisa kichwa kukubali. Wageni waliona familia yenye mapenzi. Raushan aliona chumba kisicho na dirisha.

Tolegen aliposhuka kwa mapumziko walikutana kwenye duka la samsa, sambusa za kuokwa za huko, karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi kwa kukosea, mkunjo mmoja umepita katikati ya mfuko.

"Koti bado lilelile," alimtania. "Mpaka Julai utakuwa umeiva humo ndani."

"Mimi ni mjane, Tolegen. Nakaa na mama wa marehemu."

Aliacha kutafuna. "Pole sana. Ungeniambia, nisingekuwa napiga makelele yangu ya mbweha."

"Mbweha wako ndiye anayenichekesha siku hizi. Mwache."

Akammiminia chai, kikombe nusu tu kama anavyofanya mtu anayetaka mgeni wake akae zaidi. Wakati chai inapoa, akamweleza kwa nini aliichukia ile karatasi. Mwaka uliopita yeye na mwenzake Asan walivuka ziwa kwa kufuata ramani. Walikwenda kwenye giza wakidhani ni unene. Barafu ilifunguka chini ya Asan kama mlango. Walimtoa, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi kabisa, na sasa anatembea na fimbo, na mke wake ndiye anayemfunga kamba za viatu.

"Huwa nawaza," Tolegen alisema, "huyo aliyechagua zile rangi anafananaje. Lazima ni jitu fulani lililokaa kwenye kiti laini, likasema ngoja nipendezeshe. Ningelipata, Raushan, ningelimwagia hii chai kichwani. Ya moto."

Raushan aliangalia mezani. Ungekuwa wakati wa kusema. Neno lilimfika kooni, likakaa pale, akalisukuma chini kwa samsa.

"Labda hakujua," alisema.

"Asiyejua aulize."

Walikutana tena, na tena. Tolegen akamzoea mpaka jina la Raushan likageuka "roho yangu" bila yeyote kuona lilipogeukia. Siku moja ya Juni alimshika mkono wakivuka barabara, na walipofika ng'ambo hakuna aliyekumbuka kuuachia. Na kila Raushan akimpenda zaidi, ule ukimya wake ulizidi kuwa mzito. Angesema vipi sasa? Miezi miwili anamsikiliza mtu akimtukana mume wake, anacheka, anajaziwa chai.

Hakusema. Likasemwa na mwingine.

Taasisi alikofanya kazi Raushan iliitisha kikao cha toleo jipya la Sizba, na vituo vya milimani vikaombwa vilete mtu. Raushan alipoingia ukumbini alimkuta Tolegen amekaa mstari wa mbele, shati lilelile. Uso wake ukachanua. Kabla hajainuka, mkuu wa idara, Mzee Orazbek, mtu wa tumbo na tai pana, akamshika Raushan bega.

"Ndugu zangu, kwa wasiomjua, huyu ndiye Raushan wetu, mke wa marehemu Serzhan, aliyetuachia Sizba. Yeye ndiye mlinzi wa kazi ya mumewe. Hakuna hata nukta inayoguswa bila yeye."

Raushan aliuona ule uso ukijifunga, polepole, kama duka.

Zamu ya Tolegen ilipofika alisimama, akamwambia Mzee Orazbek, si Raushan. "Tunaomba rangi za mwanzo zibadilishwe. Ziwe zinazopanda kutoka giza kwenda mwanga hatua kwa hatua, ili hata wino mweusi useme ukweli."

"Asiyezitaka si achague nyingine?" Orazbek alisema. "Zipo chungu nzima humo ndani. Halafu hizi zinapendeza. Wakubwa wakifungua ripoti wanazifurahia."

"Nani anachagua, mzee? Karani anabonyeza, inatoka, anatuma. Kinachokuja chenyewe ndicho watu wanachokanyaga."

"Raushan, wewe unasemaje?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Alifikiria fremu ya dhahabu. Alifikiria Mama Kulyash akipangusa kioo chake kwa kitambaa laini kila Ijumaa. Ni kama mtu mwingine ndiye aliyejibu kwa mdomo wake.

"Rangi za mwanzo hazibadilishwi."

Alimkimbilia Tolegen kwenye ngazi.

"Ngoja! Nilitaka kukwambia."

"Lini? Nilipokuwa namwita jitu? Ulikaa pale, Raushan. Umenifanya nimtukane marehemu mbele ya mke wake, mara ngapi sijui. Hivi unajua najionaje sasa hivi?"

"Niliogopa utaacha kupiga simu."

"Na ya Asan? Nilikwambia ya Asan. Ukanyamaza, sawa, uliogopa. Leo uliogopa nini?"

Tolegen akasubiri kidogo, akavuta begi lake begani.

"Sina ugomvi na mumeo. Hakujua. Wewe unajua."

Akashuka. Simu zake hazikuja tena, na za Raushan hazikupokewa. Mara moja alipokea mwingine, akasema Tolegen yuko nje anapima maji, na nyuma ya sauti hiyo Raushan alisikia kabisa mtu akikohoa kikohozi anachokijua.

Kwa wiki kadhaa alikwenda kazini na kurudi. Lakini ile sentensi ya mwisho ilimkalia. Jumapili moja mchana alifungua kompyuta kwenye meza ya kulia chakula akaanza kutafuta rangi. Aliiona kazi ni rahisi, kumbe ina ugumu wake. Buluu ya giza ianze, sawa, na njano iishie, sawa, ila katikati kijani kilikuwa kinakula nafasi: namba tatu tofauti, jicho linaona kijani kimoja tu. Akakivuta, akakibana. Akageuza yote kuwa kijivu aone kama kila hatua inang'aa kidogo kuliko iliyoitangulia. Pakawa na bonde, mahali mwanga ulipoporomoka. Akarudia. Akachapa ziwa la Tolegen kwa wino mweusi, akalitandaza mezani, kisha jingine, kisha jingine, mpaka sahani za chakula zikakosa pa kukaa.

Mama Kulyash alikuja na birika, akasimama.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Kazi, Mama."

"Ni michoro ya Serzhan hii. Lakini rangi si zake."

Raushan aliweka kalamu chini. Alijisikia kama yuko tena kwenye duka la samsa, neno limefika kooni. Safari hii hakuwa na cha kulisukumia.

"Mama, nikwambie kitu. Siku ile Serzhan alipoweka zile rangi, mimi nilikuwepo. Tulikuwa na njaa. Nilikuwa nimeweka mikate ya kabichi jikoni, ikaanza kuungua, nikampigia kelele aje kula. Akasema, 'Ngoja niweke hizi hizi za upinde, kesho nitatafuta nzuri.' Akabonyeza, akaja mezani. Basi. Hakuzichagua, Mama. Kesho yake watu wakaanza kuiomba programu, akaituma jinsi ilivyo, na hiyo kesho haikuja tena."

Bibi alikaa. Birika bado lilikuwa mkononi.

"Aliziweka kwa dakika moja tu?" aliuliza.

"Haikufika."

"Na miaka yote hii unazilinda kama macho yako."

"Wewe unaipenda sana ile picha. Ningeanzaje kukwambia?"

Mama Kulyash aliliweka birika sakafuni. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Raushan akadhani analia, akainuka amshike. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja.

"Mimi? Mimi ile picha inaniumiza macho! Nikikaa kwenye lile kochi naiona hata nikifumba. Niliitundika kwa ajili yako. Baada ya mazishi ulikuwa huli, husemi. Nikasema akiiona kazi ya mumewe atasimama. Ukasimama. Nikaogopa nikiitoa utaanguka tena." Akajifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Na viatu? Viatu vya mlangoni je?"

"Nilidhani ni wewe unayetaka viwepo."

"Mimi hujikwaa navyo kila siku nikienda kwa jirani!"

Walikaa wakitazamana juu ya meza iliyojaa ramani za kijivu, wanawake wawili waliofungiana mlango kwa upole, kila mmoja akidhani ufunguo anao mwenzake. Kisha Mama Kulyash akainua karatasi moja, akaisogeza dirishani.

"Hii naielewa," alisema. "Huku ndiko kunakotisha, sivyo? Kweusi." Na bila kugeuza kichwa: "Ni nani aliyekuwa anakufanya uongee peke yako jikoni kule mwezi wa tano, ukicheka na sufuria?"

Raushan akawaka masikio.

"Anaitwa Tolegen. Amekwisha kunikasirikia."

"Ana haki?"

"Anayo."

"Basi mtafute. Mimi sijazeeka kiasi cha kutaka kulindwa na msichana anayelia bafuni."

Jumatatu Raushan aliingia kwa Mzee Orazbek bila kugonga. Mzee alisema wakubwa watanuna, vitabu vilivyokwisha kuchapwa vitaonekana vya kale, watu wataandika kulalamika. "Waniandikie mimi," Raushan alisema. "Wanaotaka upinde wa mvua utakuwepo, watauchagua wenyewe. Usipochagua, utapata hizi." Toleo jipya likatoka wiki ileile. Walioandika kulalamika walikuwa wengi, na mmoja alimwambia amemzika mumewe mara ya pili. Hiyo aliisoma, akaenda kunawa uso, akarudi, akamjibu kwa adabu.

Kwa Tolegen alituma ramani mpya ya ukuta wa mawe na barafu unaolizuia ziwa, bila salamu. Jibu halikuja. Siku mbili baadaye mvua kubwa ikapiga milimani, mto ukang'oa daraja la juu pamoja na mnara wa simu, na kituo kikanyamaza.

Ofisi ya zamu ilikuwa na redio ya kuongea na vituo vyote, kila asubuhi saa tatu. Raushan alifika akiwa amevaa gauni la manjano alilolishona kabla ya kuolewa, limembana kidogo kiunoni, na bila koti. Mama wa zamu alimtazama kuanzia juu hadi chini, akampa kipaza sauti bila kuuliza.

"Kituo cha juu, mnanisikia? Tolegen yupo?"

Mikwaruzo. Kisha: "Yupo. Nani?"

"Raushan."

Mikwaruzo ikarefuka.

"Ramani yenu iliingia kabla mnara haujaanguka," sauti ikasema hatimaye, kikazi kabisa. "Tumeichapa. Wino umebaki wa kulamba, lakini hata hivyo tumeona ukuta ulipokuwa mwembamba. Hema letu lilikuwa chini yake. Tulilihamisha jana. Leo mahali pale ni maji. Ahsante."

Raushan alishika meza. "Mko wazima wote?"

"Wote. Raushan, hapa wanasikiliza vituo vyote vinne."

"Najua. Nimechoka kunong'ona kwenye ngazi. Nilikosa, Tolegen. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga, ya pili nikatetea kosa, vibaya zaidi. Sasa nasema. Nataka kuolewa na wewe. Ila nina mama mmoja, simwachi, nakuja naye."

Redio ikakaa kimya mpaka mama wa zamu akaigonga ubavuni akidhani imekufa.

"Kituo cha pili hapa," sauti ya kizee ikaingia. "Tumesikia vizuri sana. Jibu basi, mjinga wewe, betri zinaisha!"

"Nina vyumba viwili," Tolegen alisema, na sauti yake haikuwa ya kikazi tena. "Na jiko linalofuka moshi. Mama ataliweza?"

"Atalitukana mpaka linyooke."

"Basi nateremka. Nateremka sasa hivi, roho yangu."

"Huteremki popote," kituo cha pili kikasema. "Daraja limeondoka. Mpaka walitengeneze, kaa hapo hapo."

Vituo vyote vikacheka, na Raushan akacheka nao, machozi yakimdondokea kwenye manjano. Alivuta kiti, akakaa.

"Umesikia, umenaswa," alisema. "Basi ongea na mimi. Niambie chochote."

Mama wa zamu akageuza kiti chake kikaelekea dirishani, akawaachia redio.